Umejuaje? Swali lililomo ndani ya kanuni mpya za usalama wa mabomba

Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo ndani ya Tanzania. Linakatiza mikoa minane: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Kwetu Dodoma linapita Kondoa na Chemba, katika nchi ya alizeti, mtama na mifugo. Wakati huohuo jiji la Dodoma ndilo lenye Wizara ya Nishati pale Mtumba na makao makuu ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Anayeandika masharti na anayechunga ng'ombe kando ya mkuza, yaani ukanda wa ardhi bomba linamopita, wako ndani ya mkoa mmoja. Baina yao yuko mwendeshaji wa bomba, na huyo ndiye ninayemwandikia, pamoja na mafundi wake, wakandarasi wake, na vijana wanaosomea uhandisi ambao siku si nyingi watakabidhiwa kabrasha nene na kuambiwa, "Hakikisha tunazifuata hizi."

Wengi wakipewa kabrasha la namna hiyo hulisoma wakitafuta vifaa vya kununua. Vali ngapi, sensa ngapi, mabango mangapi, bajeti iwe kiasi gani. Vifaa vipo, ni kweli, na vingine ni ghali. Lakini ukizichambua kanuni za usalama wa mabomba zilizotoka duniani katika miaka hii kumi na mitano, utaona uzito wake umelala kwingine. Zamani mdhibiti alitaka bomba lijengwe kwa kiwango fulani, basi. Sasa anamtaka mwendeshaji athibitishe, wakati wowote akiulizwa, kwamba anaijua hali ya bomba lake, na aonyeshe ameijuaje. Mzigo wa ushahidi umehamia kwake.

Mabadiliko hayo yana chanzo. Jioni ya Septemba 9, 2010, bomba la gesi la inchi 30 lililolazwa mwaka 1956 lilipasuka katika mji wa San Bruno, California. Watu wanane walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Wachunguzi walipochimbua kipande kilichopasuka walikuta jambo la aibu. Kumbukumbu za kampuni zilisema bomba mahali pale halina mshono wa kuchomelea. Lililokuwa ardhini lilikuwa na mshono, tena mshono mbovu ambao fundi mzuri angeukataa kwa macho tu. Kampuni ilikuwa ikiliendesha bomba lile kwa kuamini karatasi iliyosema uongo. Na gesi ilipoanza kuwaka, zilipita dakika 95 kabla haijazimwa.

Nautumia mfano wa Marekani kwa sababu moja. Sheria yao haitufungi sisi, lakini kule ajali kubwa huchunguzwa na bodi huru, ripoti ikawekwa hadharani hadi vipimo vya chuma, kisha kanuni zikafuata. Msomaji anaweza kuufuatilia uzi kutoka kwenye maiti hadi kwenye kifungu cha kanuni. Huku kwetu mara nyingi tunapokea kifungu peke yake, na kifungu kisicho na kisa chake ni kigumu kukiheshimu.

Kutoka San Bruno ilizaliwa, mwaka 2019, kanuni iliyoanza kutumika Julai 2020, inayowataka wenye mabomba ya gesi wahakiki upya presha ya juu inayoruhusiwa katika mabomba yao. Kanuni inataka kumbukumbu zenye sifa tatu: zifuatilike hadi chanzo chake, zihakikike kwa ushahidi mwingine, na ziwe kamili. Asiyekuwa nazo amepewa muda. Nusu ya kilomita zinazohusika ziwe zimehakikiwa ifikapo Julai 2028, na zote ifikapo Julai 2035. Miaka kumi na mitano inaonekana mingi mpaka ukumbuke kwamba kazi yenyewe ni kuchimba, kupima na kukata chuma kilichofukiwa na watu waliokwisha kustaafu au kufariki.

Mama akimpeleka mtoto kliniki na kusema amechanjwa, nesi humwomba kadi. Hamtuhumu mama kuwa mwongo. Anataka tarehe, aina ya chanjo na sahihi ya aliyechanja. Kumbukumbu ya bomba ni hivyohivyo. Jedwali la kompyuta lililojazwa na mtu asiyejulikana, lenye safu iliyoandikwa "unene wa chuma milimita 9.5" kwa kilomita zote mia mbili, halina hadhi ya kadi. Cheti cha kiwanda chenye namba ya bomba, kinachooana na namba iliyoandikwa na mkaguzi siku ya kuchomelea, kinachooana tena na mahali lilipolazwa kwa mujibu wa mpima ardhi, hicho ndicho ushahidi. Kwa nchi kama yetu, yenye mabomba mapya na ya zamani kwa pamoja, jambo hili lina pande mbili. Bomba la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilijengwa mwaka 1968 na lina kilomita 1,710. Lilizoea kubeba malighafi ya kiwanda cha kusafishia mafuta cha Indeni, na mwaka 2023 likabadilishwa kubeba dizeli. Kila bomba la umri huo, popote duniani, linamdai mwendeshaji kazi ya kufufua kumbukumbu. Bomba jipya lina faida kubwa: karatasi zinazaliwa leo. Zikipotea leo hazitapatikana kesho kwa bei yoyote, na wakati wa ujenzi kila mtu ana haraka ya kufukia mtaro.

Palipokosekana karatasi, njia ya wazi ni jaribio la presha kwa maji. Unalijaza bomba maji, unapandisha presha juu kuliko itakayotumika kazini, unangoja. Kwa mabomba ya mafuta, kanuni za Marekani zinataka asilimia 125 ya presha ya kazi kwa saa nne, na kama bomba limefukiwa na haliwezi kukaguliwa kwa macho, saa nne nyingine kwa asilimia 110. Wazo ni rahisi: kama kuna ufa utakaopasuka, upasukie kwenye maji. Katika nchi ya ukame kama Chemba, hata hivyo, swali la kwanza ni maji yenyewe. Kipande kimoja cha kilomita 20 cha bomba la inchi 24 kinameza zaidi ya lita milioni tano. Yatoke wapi mwezi wa Septemba, na yakishatumika yamwagwe wapi? Hapo kanuni ya usalama inagongana na kibali cha mazingira, na mwendeshaji mwerevu huanza mazungumzo na NEMC, baraza la taifa la mazingira, na bodi ya maji ya bonde mapema, kabla mkandarasi hajaegesha pampu.

Njia ya pili ni kutuma chombo kinachosafiri ndani ya bomba pamoja na mafuta, mafundi wanakiita pigi. Kuna pigi la kusafisha nta na pigi lenye akili, linalopima unene wa chuma hatua kwa hatua kwa sumaku au mawimbi ya sauti. Kwa mabomba ya mafuta yanayopita penye watu au mazingira nyeti, kanuni zilezile zinataka tathmini ya namna hii kila miaka mitano, na mahali ambapo kutu imekula zaidi ya asilimia 80 ya unene wa chuma panahesabiwa kuwa pa kutengenezwa mara moja. Hapa ndipo penye mtego wa kisheria ambao wengi hawauoni. Siku ripoti ya pigi inapofika mezani kwako, saa imeanza kuhesabu. Ukiiacha kwenye barua pepe miezi minne kwa sababu mhandisi yuko likizo, unaweza kuwa umeshavunja kanuni, hata kama bomba halijavuja tone.

Bomba la Hoima lina ugumu wake wa ziada. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, hivyo lazima yasafiri yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 50. Bomba limevikwa vazi la kuzuia joto lisitoke na linapashwa kwa umeme. Vazi hilo linafanya kazi yake vizuri, lakini kinga ya katodi, yaani ule mkondo mdogo wa umeme unaopelekwa kwenye chuma ili kisile kutu, hupata shida kupenya vazi nene. Maji yakiingia chini ya vazi lililochanika, kutu inaweza kuendelea huku vipimo vya juu ya ardhi vikisema kila kitu ni shwari. Ndiyo maana kwa bomba la aina hii siwezi kumwamini mwendeshaji anayeniletea usomaji wa katodi peke yake. Pigi lipite.

Tuje kwenye chumba cha udhibiti, maana huko ndiko kanuni mpya zinakowauma watu zaidi kuliko kwenye chuma.

Julai 25, 2010, wiki chache kabla ya San Bruno, bomba la mafuta la inchi 30 lilipasuka karibu na mji wa Marshall, jimbo la Michigan. Kengele zililia kwenye chumba cha udhibiti. Wasimamizi wakazitafsiri kuwa ni mapovu, nafasi tupu ndani ya bomba inayotokea presha ikishuka, tatizo ambalo lilikuwa la kawaida kwao. Wakawasha pampu tena ili kuijaza nafasi hiyo. Halafu wakawasha tena. Mafuta yaliendelea kumwagika kwa zaidi ya saa 17, yakaingia mto Kalamazoo, na aliyewaamsha hatimaye alikuwa mtu wa kampuni nyingine aliyepiga simu kusema kuna mafuta kijitoni. Jumla yalikuwa kiasi cha mapipa 20,000.

Wale hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa na maelezo mawili ya dalili moja, wakachagua lile linaloruhusu kazi iendelee. Binadamu yeyote mwenye bosi angefanya hivyo. Kwa hiyo kiwango cha usimamizi wa usalama kilichotoka mwaka 2015 baada ya mkasa huo, API 1173 cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, kimejishughulisha na mambo yanayoonekana laini: nani ana mamlaka ya kusimamisha, je, anaadhibiwa akisimamisha bure, zamu inakabidhiwa vipi, taarifa za karibu-ajali zinaenda wapi. Na kanuni ya vali ya Aprili 2022 ikakaza upande wa muda. Kwa mabomba mapya au yaliyobadilishwa ya inchi 6 na kuendelea, kupasuka kukishatambuliwa, vali zifungwe haraka iwezekanavyo, isizidi dakika 30.

Dakika 30 zinasikika kuwa nyingi ukiwa umekaa ofisini. Zihesabu kwa vali ya mkono iliyoko porini kaskazini ya Chemba, mwezi wa Februari, barabara ya udongo imelowa, mwenye ufunguo yuko Kondoa mjini. Haziwezekani. Kwa hiyo kifungu chenye maneno machache kinakulazimisha kuwa na vali inayofungwa kwa mbali, umeme wa akiba, mawasiliano ya njia mbili tofauti, na jaribio la mara kwa mara la kuona kama vali inatii. Hivi ndivyo kanuni ya matokeo inavyofanya kazi: haikuambii ununue nini, inakuambia matokeo yawe nini, halafu ramani ya mahali ulipo inakuandikia orodha.

Kwenye bomba linalopashwa joto kuna kishawishi kingine. Kulisimamisha kuna gharama, kwa kuwa mafuta yaliyotulia yanaanza kupoa na kuyaondoa tena ni kazi. Mtu wa zamu analijua hilo. Kama utaratibu wake ulioandikwa unasema "wasiliana na meneja kabla ya kusimamisha," basi saa nane usiku atawasiliana, meneja atauliza una uhakika, na dakika 30 zitaisha kwenye simu. Andika kinyume chake: asimamishe kwanza, ampigie meneja baadaye, na asitakiwe kuwa na uhakika.

Wala usiitegemee kompyuta ikuone kila kitu. Mifumo mingi ya kugundua uvujaji hulinganisha yanayoingia na yanayotoka, na hupata taabu kuona upungufu ulio chini ya takribani asilimia moja ya mtiririko. Bomba la Hoima limepangwa kusafirisha mapipa 216,000 kwa siku. Asilimia moja yake ni mapipa 2,160, zaidi ya lita 340,000 kila siku. Kiasi hicho kinaweza kujificha ndani ya makosa ya kawaida ya mita. Anayekiona kwanza ni mchungaji ambaye ng'ombe wake wamegoma kunywa maji ya korongo.

Makorongo ni suala lenyewe hapa kati. Mmomonyoko wa Kondoa si habari mpya. Serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973 kwa ajili yake, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye vilima vya Kondoa Irangi ili ardhi ipumue. Reli ya kati nayo kati ya Kilosa na Gulwe imesombwa na maji mara nyingi kiasi kwamba wahandisi wa reli wangeweza kutufundisha somo zima. Desemba 3, 2023 matope yalishuka kutoka mlima Hanang na kuufunika Katesh, zaidi ya watu 80 wakafa. Mvua zetu ni chache, lakini zikija zinakuja kwa hasira, na udongo wetu hauna majani ya kuushika. Bomba lililofukiwa vizuri Julai linaweza kuning'inia hewani Machi. Kanuni za Marekani za mwaka 2019 kwa mafuta na 2022 kwa gesi zinataka ukaguzi uanze ndani ya saa 72 tangu eneo linapofikika salama baada ya mafuriko, maporomoko au tetemeko. Ningemshauri mwendeshaji wa Kondoa asingoje tukio lipewe jina kwenye taarifa ya habari. Ajiwekee mwenyewe kipimo cha mvua kinachomtoa ofisini, na aandike alichokiona hata kama hakuona kitu. Ukaguzi usioandikwa, mbele ya mdhibiti, haukufanyika.

Kisha kuna watu, na hapa kanuni karibu zote ni dhaifu kuliko zinavyojidai. Julai 30, 2004, huko Ghislenghien nchini Ubelgiji, bomba la gesi lililokuwa limejeruhiwa na mashine za ujenzi lililipuka na kuua watu 24. Nairobi, Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja kutoka kwenye mtambo wa bomba iliingia mfereji wa maji na kufika mtaa wa Sinai; zaidi ya watu 100 walikufa. Sisi tuliipata ya lori la mafuta pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, na waliokufa walizidi 100 vilevile. Masharti ya kuelimisha umma yanatimizwa kirahisi sana kwa mabango na mkutano mmoja wa kijiji wenye picha za ripoti. Lakini nani anachimba kando ya mkuza? Mwenye trekta la kukodi kutoka wilaya nyingine, mchimba kisima, mkandarasi wa maji au wa barabara ya kijiji, mchimbaji mdogo anayefuata mwamba. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mkutanoni. Na mfugaji wa Kibarbaig aliyefika jana akifuata malisho hatasoma bango la Kiswahili lililofifia kwa jua, achilia mbali la Kiingereza. Mwendeshaji mzuri huwatafuta hao kwa majina ya kazi zao: hupita kwa mtendaji wa kijiji, kwa wenye matrekta, kwa ofisi ya maji ya wilaya, kwenye minada ya mifugo, na huwa na mtu anayeweza kuzungumza Kirangi au Kisandawe. Halafu siku moja apige mwenyewe namba yake ya dharura usiku, aone nani anapokea na kwa lugha gani.

Kuhusu nani anamsimamia nani, niseme kwa kifupi kwa kuwa mkanganyiko ni mwingi. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliigawa kazi: PURA inasimamia utafutaji na uzalishaji, EWURA inasimamia mkondo wa kati na wa chini, yakiwamo mabomba ya kusafirishia. Usalama wa wafanyakazi uko kwa OSHA chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mazingira ni ya NEMC chini ya sheria ya mwaka 2004. Moto ni wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inakwenda na kamati zake hadi ngazi ya kijiji. Tukio moja la uvujaji linawagusa wote. Usipange kuwatafutia namba siku ya tukio. Jambo jingine linalochanganya ni ngazi za maandishi. Sheria ya Bunge inakufunga, kanuni chini yake zinakufunga, masharti ya leseni yako yanakufunga. Kiwango cha kimataifa kama ASME B31.4 au ISO 13623 kinakufunga pale tu sheria, leseni au mkataba ulipokitaja, na kikishatajwa hakiwi tena ushauri. Wengi wamenaswa hapo: wamesaini mkataba unaotaja viwango ishirini ambavyo hakuna aliyevifungua.

Sasa, unaanzaje? Washauri watakuuzia jedwali kubwa la kulinganisha kila kifungu na hali yako, rangi nyekundu, njano na kijani. Litafaa, ila lije baadaye. Mimi ningeanza na kipande kimoja kifupi, tuseme kati ya vali mbili, na kukaa na watu watatu: aliyekijenga, anayekiendesha, na anayekitembelea kwa miguu. Presha ya juu ya kipande hiki ni ipi, na imetoka kwenye karatasi gani? Kikipasuka sasa, nani anafunga, na mara ya mwisho vali ilijaribiwa lini? Nani alichimba karibu nacho mwaka huu? Majibu yatakayokuja na karatasi yaweke upande mmoja. Yatakayokuja na "tunafahamu tu" yaweke upande mwingine, na huo upande wa pili ndio mpango kazi wako.

Baadhi ya mapengo hayatazibika kwa kutafuta karatasi, na hapo usibuni. Kujaza fomu za zamani kwa kalamu mpya ni kosa la jinai linalosubiri shahidi. Kanuni zenyewe zimeacha milango: pima kwa maji, changanua kihandisi kwa vipimo vya pigi, badilisha kipande, au shusha presha. Ule wa mwisho hauhitaji mkandarasi wala zabuni. Unahitaji mtu mwenye mamlaka ya kupunguza mapato ya mwezi huu na kusaini kwamba presha itabaki chini mpaka ushahidi upatikane, na jina la mtu huyo liwe limeandikwa kwenye utaratibu kabla hajahitajika.